Lango la Karamu ya Arusi: Jinsi ya Kulipamba Bila Kuingia Deni

Arusi ni jambo la furaha katika kila kabila na kila dini, na tangu zamani watu wetu wamezoea kumpa mgeni heshima yake mlangoni kabla ya kumpa chakula. Mgeni afikapo penye karamu, kitu cha kwanza kukiona si bibi arusi, wala si sahani ya wali. Ni lango. Lango likiwa safi na limepambwa, moyo wake hufunguka. Akiliona limeachwa ovyo, hujiuliza kama amefika mahali penyewe, au kama kweli alikuwa akingojewa. Kwa hiyo wazazi na vijana watakao lango la arusi yao lipendeze hawana kosa. Jambo la kuangaliwa ni gharama yake.

Siku hizi wako watu ambao kazi yao ni kupamba arusi. Huleta tao la chuma, vitambaa vyeupe, maua na taa, na karamu ikiisha huvichukua vyote wakaenda navyo. Kazi hiyo ni halali, na mwenye uwezo hakatazwi kuwaita. Lakini wako wengi wanaowaita bila uwezo. Tuseme mzee mmoja anauza ng'ombe wake wa maziwa ili alipe mapambo ya siku moja. Magharibi tao limekwisha kung'olewa, na asubuhi yake nyumbani hakuna tao wala hakuna maziwa. Au tuseme bwana arusi anakopa, akitumaini kulipa kwa mshahara wa mwezi ujao. Mwezi ujao kodi ya nyumba yangoja, na mke mpya ahitaji sufuria. Wazee walisema, “Kukopa arusi, kulipa matanga.” Kijana anayeanza nyumba yake kwa matanga ya namna hiyo amejinyima furaha ambayo arusi ilikusudiwa kumpa.

Basi katika makala haya twataka kueleza namna ya kutengeneza lango zuri kwa vitu vilivyo karibu, kwa mikono ya jamaa na majirani, na kwa fedha kidogo tu.

KANUNI MOJA YA KUKUMBUKA

Kanuni yenyewe ni hii: kila kitu kinachonunuliwa kwa ajili ya lango, na kiwe kitu ambacho maarusi watakitumia nyumbani mwao baada ya arusi. Kitu kisichoweza kutumika tena kisinunuliwe. Na kitafutwe shambani, au kiazimwe.

Chukua karatasi, uigawe safu tatu. Katika safu ya kwanza andika vitu vya shamba: nguzo, migomba, makuti, maua, mchanga na mawe. Katika safu ya pili andika vitu vya kuazima: ngazi, nyundo, madebe, mikeka, na miche ya maua iliyomo vyunguni. Katika safu ya tatu andika vya kununua: kanga, taa, kamba na karatasi. Mbele ya kila kitu andika jina la atakayekileta, na kama ni cha kuazima, siku ya kukirudisha. Kitu cha watu kiandikwe alama ya mwenyewe, maana urafiki mwingi umevunjika kwa sababu ya ngazi au taa iliyopotea arusini.

Karatasi hiyo ikikamilika, isomwe mbele ya kamati ya arusi. Mara nyingi itaonekana kwamba safu ya tatu ni fupi kuliko ilivyodhaniwa. Tena michango ya watu na itumike kwanza kwa chakula, kwa kuwa mgeni aliyeshiba husahau upesi kasoro ya pambo, lakini mgeni mwenye njaa hasahau kamwe.

KUPIMA MAHALI

Kabla ya kukata hata kijiti kimoja, nenda mahali pa karamu ukapime. Lango la upana wa futi 6 na urefu wa futi 8 linafaa arusi nyingi. Bwana arusi na bibi arusi huweza kupita pamoja bila shela kukwaruzwa, na mzee anayekwenda kwa kiti cha magurudumu hapati taabu. Likiwa jembamba zaidi, watu husongamana. Likiwa pana mno, lahitaji mapambo mengi, na mapambo mengi ni gharama nyingi.

Angalia pia uwanja ulio mbele ya lango. Katika sehemu nyingi za bara ni desturi wanawake kuuzuia ujumbe mlangoni kwa nyimbo na vigelegele kabla ya kuuruhusu uingie. Pwani nako ngoma husimama hapo hapo. Kwa hiyo acha nafasi ya kutosha nje ya lango, pasiwe na gari wala lundo la kuni. Wapishi na wachukuzi wa maji wapewe njia nyingine nyuma, wasije wakapishana na bibi arusi wamebeba masufuria.

KUSIMAMISHA NGUZO

Tafuta nguzo mbili zilizonyoka, kila moja ya urefu wa futi 10. Mwanzi uliopandwa nyumbani wafaa sana, na mkaratusi kadhalika. Pwani watu hupenda boriti za mikoko kwa kuwa ni ngumu, lakini ukataji wa mikoko unaongozwa na sheria. Afadhali kuazima boriti zilizokwisha kukatwa kuliko kuingia msituni bila ruhusa. Vivyo hivyo mtu asikate mti katika msitu wa serikali wala katika shamba la jirani kabla ya kuomba.

Chimba mashimo mawili, kila moja la kina cha futi 2. Simamisha nguzo, tia mawe pande zote, kisha rudisha udongo kidogo kidogo huku ukiushindilia. Juu yake laza mti wa futi 7, ili uzidi nusu futi kila upande. Ufunge kwa kamba ya katani badala ya misumari; kamba hufunguliwa baadaye, na miti hurudi kwa mwenyewe ikiwa mizima. Ukipenda lango lenye umbo la tao, kata fito mbichi au mbao za mwanzi uliopasuliwa, uzipinde zingali mbichi, uzifunge kutoka nguzo hata nguzo.

Kazi hiyo ikiisha, mtu mzima na alisukume lango kwa nguvu. Likicheza, shindilia tena, au ongeza mhimili wa mshazari upande wa nyuma. Lango lililopambwa hushika upepo kama tanga la jahazi, na lango likianguka juu ya watu, arusi yageuka msiba.

Mjini, ambako chini ni saruji, haiwezekani kuchimba. Hapo tumia madebe mawili ya lita 20. Simamisha nguzo ndani ya debe, jaza mawe, kisha mimina mchanga uliolowa maji. Lifunike debe kwa mkeka au kwa majani lisionekane. Kama karamu ni katika jumba la kukodi, muulize mtunzaji wake kwanza kabla ya kugonga msumari ukutani, kwa maana malipo ya ukuta ulioharibiwa huweza kuzidi gharama ya lango lote.

MAJANI NA MAUA

Hakuna pambo la rahisi na la fahari kama mgomba. Migomba miwili ikisimamishwa, mmoja kila upande, lango limekwisha kuwa lango. Tena hapana hasara, kwa kuwa kila shina la mgomba huzaa mara moja tu, na baada ya kuzaa hukatwa ili machipukizi yapate nafasi. Basi chagua mashina yaliyokwisha kuvunwa, ambayo yangekatwa hata kama hapana arusi. Shina la mgomba lina maji mengi, na kwa hiyo majani yake hukaa mabichi muda mrefu kuliko matawi ya miti mingine. Unapoyachukua njiani, yafunge yakiwa yamekunjwa juu kama mwavuli, yasichanwe na upepo.

Watu wa pwani wana makuti. Kata makuti mabichi ya chini, usiguse yale ya kilele, mnazi usije ukadhurika. Upasue upongoo katikati toka shinani hata nchani, nawe utapata vipande viwili, kila kimoja kikining'iniza majani upande mmoja kama shada la pazia. Vipande hivyo hufungwa kwenye mti wa juu na kwenye nguzo, au majani yake husukwa kwa mtindo autakao msukaji. Wakaao kando ya Ziwa Victoria wana mafunjo, ambayo vichwa vyake hutawanyika kama miavuli midogo. Ukiyafunga mabunda na kuyasimamisha kandokando ya njia, yanapendeza mno.

Kuhusu maua, yafaa kujua tabia ya kila ua. Haibiskasi hupendeza kwa macho, lakini ua lake huishi siku moja tu na jioni hufumba. Kwa karamu ya jioni halifai. Bogenvilia hufaa zaidi, kwa sababu kile tunachokiita ua lake kwa kweli ni majani yaliyogeuka rangi. Hayo hata yakikauka rangi yake hukaa. Lakini ina miiba, basi isiwekwe mahali ambapo shela au mtoto atapita karibu. Mnyaa, ambao wengi wameupanda kuwa ua la boma, usitumike kabisa: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kuharibu macho.

Mtu wa mjini asiye na bustani naye ana njia. Mashamba ya Naivasha hupeleka maua ya waridi Ulaya, na kule hutakiwa matumba yenye vikonyo virefu. Waridi lenye kikonyo kifupi, au lililokwisha kuchanua, thamani yake huwa ndogo. Nalo ndilo lifaalo lango, kwa kuwa wewe wataka uzuri wa siku moja tu. Waulize wauza maua jioni wanapokaribia kufunga, kwani ua ambalo halikununuliwa leo huenda kesho likatupwa.

Maua yote yakatwe asubuhi na mapema, au jioni jua likiisha kupoa. Kata kikonyo kwa mshazari, ondoa majani yatakayozama majini, kisha uyatie katika ndoo ya maji mahali penye kivuli. Yafungwe langoni mwisho kabisa, saa mbili au tatu kabla ya wageni kufika. Wengi huharibu maua yao kwa kuyafunga usiku wa kuamkia arusi, na mchana wageni hukuta majani yaliyolegea.

KANGA

Badala ya kukodi vitambaa, nunua doti mbili za kanga. Doti mbili ni vipande vinne, na kila kipande kina urefu wa karibu futi 5. Kipande kimoja ukitundike juu ya kila nguzo kikining'inia. Kitashuka mpaka futi 3 kutoka chini, wala hakitagusa vumbi, na sehemu iliyobaki itafunikwa na migomba. Vipande viwili vilivyobaki viunganishe, uvitandaze kwenye mti wa juu vikiwa vimelegea katikati mfano wa pembea. Hivyo lango lote limevikwa, na baada ya arusi bibi arusi ana doti mbili mpya za kujifunga.

Usipigilie kanga misumari. Weka punje ya hindi au kijiwe kidogo nyuma ya pindo, kizungushie uzi kiwe kama kifungo, kisha funga kamba hapo, nguo haitatoboka. Chagua doti zenye rangi moja au zinazopatana, maana rangi nyingi bila mpango hufanya lango lionekane kama duka.

Jambo jingine, na hili ni muhimu sana: soma maandishi ya kanga kabla ya kuinunua. Kila mtu ajua kwamba kanga husema. Iko kanga ya baraka, na iko kanga ya mafumbo. Kanga yenye maneno “Hasidi hana sababu” ikitundikwa mlangoni, shangazi wa upande wa pili atasimama aisome mara mbili, na kabla ya chakula kuandaliwa watu wamekwisha kuulizana nani aliyekusudiwa. Chagua maneno ya upendo, ya shukrani au ya kumwomba Mungu. Asiyetaka kuchagua maneno na anunue kisutu, kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo tangu zamani ni nguo ya arusi huko pwani, na mara nyingi haina maandishi.

MAANDISHI YA KUKARIBISHA

Neno moja latosha: KARIBUNI. Lina herufi nane. Kata kila herufi katika boksi la karatasi ngumu, upana inchi 6 na urefu inchi 8, na kati ya herufi na herufi acha inchi 2. Zote pamoja zitachukua inchi 62. Lango letu lina inchi 72, basi zitabaki inchi 5 kila upande. Zipake chokaa, au zibandike karatasi nyeupe.

Gundi si lazima kununuliwa. Koroga vijiko viwili vya unga wa ngano katika maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, kisha mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga. Tia motoni kwa muda mfupi mpaka iwe nzito, halafu iache ipoe. Kwa gundi hiyo watoto waweza pia kutengeneza minyororo ya karatasi, na kazi hiyo huwafurahisha kwa kuwa nao wamekuwa na sehemu katika arusi ya dada au kaka yao.

MVUA, MOTO NA TAKA

Sehemu nyingi za Kenya hupata mvua za masika toka Machi hata Mei, na za vuli toka Oktoba hata Desemba. Arusi ikiwa katika miezi hiyo, jihadhari na karatasi laini za rangi: zikilowa, rangi yake hutoka, na tone moja la rangi nyekundu latosha kuharibu shela jeupe. Katika majira hayo tegemea majani, ambayo mvua huyaongezea uzuri. Mwaga pia changarawe au maganda makavu ya mpunga penye matope.

Makuti na karatasi hushika moto upesi. Fanusi au kandili isitundikwe langoni penyewe, bali isimamishwe kandokando ya njia, mbali na mapambo kwa kadiri ya mkono mzima uliokunjuliwa. Mshumaa usio na kioo usitumike kabisa. Weka karibu ndoo moja ya maji na moja ya mchanga. Waya za umeme zisipite juu ya nyasi mbichi wala chini ya mikeka. Umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 240, nao ukikutana na maji huua. Taa ndogo za kuchajiwa kwa jua ni salama zaidi, na baada ya arusi zaweza kuwamulikia maarusi jikoni mwao.

Tena vipande vya plastiki haviwi pambo zuri. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini Kenya, na sababu yake kila mfugaji aijua: upepo huipeperusha, na ng'ombe akiila huweza kufa. Lango la majani haliachi taka ya namna hiyo.

MPANGO WA KAZI

Haraka haraka haina baraka. Juma moja kabla ya arusi, pima mahali, andika karatasi ya safu tatu, kata herufi na omba vitu vya kuazima. Siku mbili kabla, simamisha nguzo. Siku iliyotangulia, kata migomba au makuti uyafunge, na fagia njia yote. Asubuhi ya arusi, tundika kanga, kisha maua. Watu sita wenye bidii huweza kuimaliza kazi hiyo bila taabu. Mmoja wao awe msimamizi, na wengine wamsikilize, kwa kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama.

WATU WA MLANGONI

Pambo la mwisho halinunuliwi wala halikatwi shambani. Nalo ni mtu. Lango likiwa na maua elfu, na pasiwe na mtu wa kumpokea mgeni, bado ni mti tu. Wawekwe watu wazima wawili, mmoja wa upande wa bwana arusi na mmoja wa upande wa bibi arusi, ili kila mgeni akute uso anaoujua. Pamoja nao wawe vijana wawili wa kuwaongoza wazee kwenye viti na kupokea zawadi. Pwani, wapokezi hushika mrashi wakawanyunyizia wageni marashi ya waridi, na chetezo cha udi hufuka karibu. Ni gharama ndogo, lakini mgeni huichukua harufu ile hata nyumbani kwake. Asiye na mrashi ana asumini na mrehani, ambavyo hufungwa vikuba vidogo na kupewa kina mama waingiapo.

Karamu ikiisha, wale wale waliolijenga lango na walivunje. Majani ya mgomba na mashina yake hukatwakatwa yakawa chakula cha ng'ombe; maua hutiwa shimo la mbolea; nguzo, ngazi na madebe hurudishwa kwa wenyewe kwa maneno ya shukrani. Kanga, mkeka na taa huingia nyumbani mwa maarusi. Hapo waweza kuichukua tena ile karatasi ya safu tatu na kuihakikisha. Kama kila kitu kimepata mahali pake, na hakuna mtu anayekuja kudai, arusi hiyo imefanywa kwa akili, na vijana wale wameanza safari yao bila mzigo wa deni mabegani. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” walisema wazee. Basi tuangalie tusimkaribishe mgeni kwa namna ambayo mwenyeji ataugua baada yake.